Mistari Niliyoikata Vibaya

Nina duka la kompyuta hapa Chepseon, na mdomo wangu unajulikana. Majuzi Chelangat aliniletea flashi yenye shairi la kumuaga mama yake. Nilipolifungua kwa programu yangu ya zamani, maneno yote yalikuwa yameshikana katika mstari mmoja mrefu.

"Dada, shuleni hamkufunzwa kubonyeza Enter?" nilimuuliza. Wateja wakacheka.

"Lakini mistari niliipanga vizuri," akasema polepole.

Sikumsikiliza. Niliikata mistari mwenyewe kwa kukisia, nikaongeza nukta nilizoona zimekosekana, nikachapisha.

Siku ya mazishi nilisimama katikati ya waombolezaji, nikijivunia kazi yangu. Pasta akasoma kwa sauti: "Mama hakupenda watoto wake." Akatua, kwa sababu hapo ndipo nilipoweka nukta. Mstari uliofuata ulisema, "Walale njaa," lakini watu walishaanza kunong'onezana. Chelangat alijifunika uso kwa leso akalia.

Kaka yake akaleta laptopu ambayo Chelangat aliliandikia shairi. Shairi lilikuwa limepangwa sawasawa, kila mstari mahali pake.

"Kompyuta hii inaweka alama tofauti, isiyoonekana, mwisho wa mstari," akamweleza pasta. "Programu nyingine za zamani haziijui, ndiyo maana maneno yakashikana."

Pasta akainua karatasi yangu. "Basi hii ilichapishwa na nani?"

Chelangat hakunitaja. Wale wateja waliomcheka dukani ndio waliogeuka kuniangalia, mmoja baada ya mwingine, mpaka pasta naye akaniona.