Maneno ya Zuurakan

Kwetu katika bonde la At-Bashy, mkazamwana halitaji jina la mama mkwe wake. Mimi nitalitaja mara moja tu, ili mjue ni nani: Uulkan, mwombolezaji. Msiba ukitokea hata bonde la tatu, farasi aliletwa kumchukua, akaingia hemani kwa wafiwa, akaimba maisha ya marehemu kwa mashairi mpaka wanaume waliokuwa nje wakashikilia fimbo zao wasianguke. Harusini ndiye aliyeongoza nyimbo za kumuaga bibi harusi. Kisimani hakuna aliyemzidi kwa kelele.

Lakini habari hii si yake. Ni ya binti yake mkubwa, wifi yangu Zuurakan.

Nilipoolewa na mdogo wake, Mukanbet, Zuurakan alikuwa na miaka thelathini na minne, mjane asiye na mtoto, amerudi kwa mama yake. Wiki ya kwanza nilidhani ana kinyongo na mimi. Namsalimia, anaitikia kwa kichwa. Namuuliza chumvi iko wapi, ananionyesha kwa kidole.

"Dada yako hanitaki," nikamwambia mume wangu.

Akacheka. "Hata mimi hanitaki, na tumezaliwa tumbo moja. Ndivyo alivyo huyo. Siku akikuambia maneno kumi, tuchinje kondoo."

Polepole niliambiwa yaliyompata. Alipokuwa na miaka saba mama yake alianza kumchukua misibani, akimketisha nyuma ya mgongo wake ili ajifunze. Miaka tisa alikaa nyuma ya mgongo ule. Kisha binamu yake akaolewa, wasichana wakatakiwa wamwimbie kwaheri, na mama akamsukuma Zuurakan mbele ya watu. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Wanawake wakangoja, wakatazamana, mpaka mmoja akasema kwa sauti, "Huyu ulimzaa au ulimwokota?" Hema zima likaangua kicheko. Zuurakan akatoka mbio, akajificha zizini katikati ya kondoo mpaka msafara wa harusi ulipoondoka.

Baada ya siku hiyo mama hakumsukuma tena. Wala hakumsemesha sana. Aliona mtoto amemnyima kitu, na mtoto aliona hivyo hivyo.

Kazi ya Zuurakan ilikuwa shirdak, lile zulia la sufu iliyoshindiliwa ambalo ni la kukata na kushona. Unapandanisha vipande viwili vya rangi mbili, mathalani nyekundu na nyeusi, unavikata pamoja kwa kisu kikali, halafu unavibadilisha: pembe nyekundu zinakaa kwenye shimo jeusi, nyeusi kwenye shimo jekundu, hakipotei kipande. Kisha unashona. Unashona majira yote ya baridi. Kisu kikiteleza kidogo tu umeharibu kuwili. Yeye alikaa dirishani na kazi yake tangu theluji ya kwanza, na mstari wake wa nyuzi ulinyooka kama umepigwa rula.

Mimi nilijaribu. Siku ya pili niliitupa sindano nikaenda kwa jirani kupiga soga. Mama mkwe naye alijaribu, mwaka ule theluji ilipotufungia ndani wiki mbili. Alishona upana wa kiganja kimoja, akajichoma mara nne, akamlaani kondoo aliyeitoa sufu ile na ukoo wake wote. Zuurakan alitazama ule mshono, akaziba mdomo kwa mkono. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Cheka tu," mama akasema. "Umekaa kama njia ya mbuzi mlevi, naona mwenyewe." Akautazama tena mshono, safari hii bila mzaha. "Zuura, mimi nikikaa peke yangu na sindano naona nitapasuka. Wewe ukisimama mbele ya watu unaona hivyo hivyo?"

Zuurakan akaitikia kwa kichwa.

"Basi nilikutesa bure," mama akasema. Akanyanyuka kwenda kutia makaa kwenye samova, birika la chai, na hawakulizungumza tena. Ila kuanzia siku ile chai ya kwanza alimmiminia Zuurakan, akaisogeza mwenyewe hadi dirishani.

Mwaka wangu wa tano katika nyumba ile, majira ya kondoo kuzaa, mama mkwe alianguka zizini. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na sauti ikaondoka. Yeye! Alibaki na mlio mmoja tu, "ba, ba," na macho yaliyotukodolea kana kwamba sisi ndio tuliomwibia.

Zuurakan alimuuguza kama mtoto mchanga. Alimlisha, alimchana nywele, na akaona ampe kazi ya kuishughulisha akili: kitambaa kinene na sindano kubwa kwa mkono wa kushoto. Alikaa naye dirishani saa nzima bila neno. Kwa Zuurakan hiyo ndiyo raha yenyewe, watu wawili, ukimya, uzi. Siku ya nne mama aliirusha ile sindano ikagonga ukuta, akageuza uso akalia kwa hasira.

Nilikuwa nakanda unga. Zuurakan alikuja akasimama karibu yangu.

"Kanyshai. Nilikuwa nampa dawa yangu mimi. Yeye anachougua ni huu ukimya. Waite wanawake. Tutengeneze ala-kiyiz hapa uani."

Niliacha unga. Ala-kiyiz ni zulia la namna nyingine kabisa. Halishonwi. Unatandaza sufu za rangi juu ya mkeka wa matete, unamwagia maji ya moto, unaliviringisha, unalifunga kamba, kisha kundi la wanawake wanalivuta, wanalipiga mateke, wanalikandamiza kwa mikono mpaka sufu ishikane. Rangi zinaingiliana kingo, hakuna anayejua maua yake yatatoka na sura gani. Na kelele zake zinafika mlimani.

"Niwaite wangapi, dada?"

"Wote."

"Wote! Unajua wote ni wangapi?"

"Najua," alisema, na rangi ilikuwa imemtoka usoni. Nikahesabu baadaye: yalikuwa yamezidi maneno kumi. Mukanbet alichinja kondoo kweli, maana wanawake ishirini na watatu wangekula nini?

Walikuja na watoto, maandazi na umbeya wa kijiji kizima. Tulimkalisha mama kwenye mto katikati ya ua, mbele ya ngozi ya ng'ombe iliyojaa sufu, tukampa ufito wa kuipigia sufu ichambuke. Kwanza aliutazama tu. Halafu mkono wa kushoto ukainuka, ukapiga. Ukapiga tena. Wengine wakafuata mapigo yake, na wimbo ukaanza wenyewe, na kila mwisho wa ubeti yeye alipaza "ba!" kwa nguvu hata mbwa wakajibu. Alicheka kwa nusu ya uso. Bibi mmoja wa jirani akamtania, "Heri sasa, angalau nasi tunapata nafasi ya kusema!" Mama akampiga kwa ufito mgongoni, na ua mzima ukavunjika mbavu.

Zuurakan alipita katikati yao na birika la maji ya moto, masikio mekundu. Mara mbili nilimwona akienda nyuma ya zizi, anaegemeza paji la uso kwenye magogo, anavuta pumzi, anarudi. Kiangazi kile aliwaita wanawake mara tano.

Mama mkwe alifariki vuli iliyofuata.

Katika hema la msiba lililopigwa uani tuliketi kama ilivyo desturi, nguo nyeusi, nyuso zimeelekea ukutani, mikono viunoni. Wageni walianza kushuka farasi. Kila kundi linapofika, wanawake wa ndani lazima wainue kilio, na wa kuanza ni binti mkubwa. Zuurakan akauinamia ukuta, hakuanza.

Shangazi Toktobubu, dada wa marehemu baba mkwe wangu, alisogea nyuma yetu. "Anza, wewe! Aliyelilia nchi nzima leo hana wa kumlilia?"

Nikaona heri nianze mimi. Nikayachukua maneno yale ya kila msiba, nuru yetu imezimika, mlima wetu umeanguka. Nilikuwa nimefika kwenye neno 'mlima' niliposikia pumzi sikioni.

"Hakuwa mlima huyo," Zuurakan alinong'ona. "Sema hivi."

Nami nikasema kama alivyonipa, mstari kwa mstari, nikiuimba kwa sauti yangu yote:

"Uliwalilia wa mabonde yote, mama,
kwako umetuacha hatujui pa kuanzia.
Mdomo wako ulipokataa kucheka
mkono wako wa kushoto ulibaki unacheka.
Uani kwetu sufu imelala haijapigwa,
na masikio yangu, yaliyokimbia kelele zako,
yanazitafuta kelele zako chini ya kila sahani."

Nje wanaume walinyamaza, kisha nikasikia kilio chao kikipanda. Mukanbet aliomboleza kama mtoto. Siku tatu tulikaa hivyo, kundi baada ya kundi, na Zuurakan hakurudia mstari hata mmoja. Kila mgeni alipewa kilio chake, kwa jinsi alivyojuana na marehemu.

Siku ya tatu Shangazi Toktobubu alikaa karibu akaona midomo ya Zuurakan. "Mimi nilidhani unamwambia chai imeiva," alisema. Akavua shali yake ya sufu, akamfunika Zuurakan mabegani, akakaa naye hapo, ameshika pindo.

Tulipobaki wawili tukiosha vyombo nilimuuliza, "Tangu lini, dada?"

"Tangu miaka saba. Nilikuwa nyuma yake. Baadaye nikawa natunga nikishona."

"Na hukumwambia mama?"

"Angenisimamisha mbele ya watu."

Tukacheka, tukiwa na nguo zetu nyeusi, kisha Zuurakan akakaa chini palepale kwenye maji, akalia kwa mara ya kwanza. Kwa sauti. Nilimshika kichwa mpaka akachoka.

Sasa ana miaka sitini na moja. Watu wakija kutuchukua kwenda msibani, hakai na wageni. Huwauliza wafiwa mambo madogo pembeni, marehemu alipenda kula nini, alimwitaje farasi wake, kisha huja kuketi nyuma yangu na ushungi usoni. Njia nzima ya kurudi tunagombana.

"Umeongeza 'ole wangu' mara tatu," ananiambia.

"Watu wanapenda ole, dada."

"Marehemu hakuwa mtu wa ole. Alikuwa fundi wa viatu, mchangamfu. Usiniharibie."

"Basi imba mwenyewe!"

Hapo hunifinya paja, akageukia dirisha la gari, na najua ameshaanza kutunga.