Mshono wa Kubebwa Mgongoni

Ni asubuhi ya Machi 1998, Ifakara, na mvua imegoma kukatika. Tekla ameinamia tangi la bomba la kupulizia dawa, drili mikononi. Ncha yake si ya kutoboa. Ni chuma butu kinachozunguka juu ya ufa mpaka plastiki ilainike kwa msuguano, kisha kinakoroga tangi na kiraka pamoja.

"Hizi mbili hazipendani," anasema. "Tangi plastiki yake ngumu, kiraka ni cha dumu. Kwa chuma cha moto zinabandikana tu, kesho zinabanduka. Nazikoroga zikose pa kukimbilia."

Mlangoni amesimama mwenye bomba, Mashimba, mkulima aliyetoka Malinyi. Viwavi wameingia kwenye mpunga wake.

"Dada, bado? Wale wadudu hawanisubiri."

Tekla anaendelea kukoroga. Msimu uliopita, kiraka alichobandika fundi mwingine kilifunguka mgongoni kwa Nikodemu, jirani wa Tekla, dawa ikamlowesha. Aliokotwa jarubani akitokwa povu. Alipona, lakini hata kikombe cha chai hukishika kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyemvua shati," anasema Tekla. "Ile harufu haijanitoka puani."

Ndiyo maana tangi halitoki kwake kabla hajalivaa mwenyewe. Analijaza maji, analibeba, anapampu. Ghafla anakakamaa. Ubaridi unamteremka mgongoni.

"Linavuja."

"Hilo jasho, dada. Nipe, nitajifunga nailoni."

"Sikupi."

Mashimba anafoka: watoto wake watakula nini? Tekla anakumbatia tangi.

"Kasirika, kaka. Hasira zako nitaziweza. Kwenda kumweleza mkeo, sitaweza."

Mashimba anavuta kigoda, anakaa. Tekla anakata kiraka kingine, safari hii akienda taratibu zaidi. Analivaa tena tangi, anapampu mpaka mkono unachoka. Mgongo mkavu. Hata hivyo anamkabidhi kwa kusitasita.

"Ukisikia ubaridi, livue ulitupe. Usiseme umalizie kwanza."

Juma zima Tekla hapati usingizi, mpaka mchuuzi wa samaki anapoleta salamu: Mashimba amemaliza shamba lote, mzima wa afya.

Sasa Tekla anawaomba wakulima wamletee mabomba yaliyokufa kabisa, akate humo viraka vya plastiki ya aina moja na matangi. Mawili yameshafika.

"Yakiwa mengi, nitaacha kuzilazimisha hizi ndoa," anasema. "Labda na mimi nitaanza kulala."