Nimeacha kukamua maziwa ofisini, mama mkwe akaja na kanga kumchukua mtoto

Wakuu, poleni na pilika za siku.

Mnaopenda kuandika "chai hii" mtanisamehe, leo hakuna chai. Ni maziwa matupu, na yote yangu. Nasimulia kama yalivyotokea, nimebadilisha jina la mtoto tu.

Wanaume msikimbie uzi. Mna wake, na mna mama.

Twende.

Mimi ni Mchaga, nimeolewa na Mmeru, tunaishi Kijenge hapa Arusha. Nafanya uhasibu kwenye kampuni moja ya utalii mjini. Likizo ya uzazi ilipoisha nilirudi kazini na pampu ya kukamulia kwenye mkoba, nimejipanga kweli kweli, mwanangu Eli asikose haki yake.

Chumba cha kukamulia hakuna. Nikapewa stoo ya mahema.

Nikawa nakaa juu ya magodoro ya kambi, pampu inaunguruma, mbele yangu kuna bango kubwa la nyati ananiangalia vibaya. Mlango hauna komeo, kwa hiyo nilikuwa nauegemezea boksi la masufuria ya safari, mtu akisukuma nisikie. Madereva waliposikia mlio wa pampu wakapabatiza jina, zizini. "Mama Eli yuko wapi?" "Yuko zizini." Boss naye akaanza kusema hivyo hivyo mbele ya wageni. Wageni hawajui Kiswahili, wanatabasamu tu.

Sikujali. Nilikamua mpaka Eli akavuka mwaka, akatembea, akaanza kuiba ndizi jikoni.

Sasa siku moja nikawahi kurudi nyumbani. Nikamkuta dada wa kazi uani anamimina maziwa yangu kwenye kisahani. Paka wa jirani amekaa pembeni anasubiri, wala hana haraka, yaani mteja aliyezoea huduma.

Dada akashtuka. "Mama, usinikasirikie. Eli ya kwenye kikombe hayataki tangu zamani. Anakula ugali wake, anakusubiri wewe. Niliogopa kukuambia, jinsi ulivyokuwa unajitesa."

Wakuu, nilikuwa natoka jasho kwenye mahema kwa ajili ya paka. Na paka mwenyewe si wetu!

Hapo nikaamua, kukamua kazini basi. Kunyonya nyumbani kunaendelea kama kawaida, asubuhi kabla sijatoka na jioni nikirudi. Jioni sijavua hata viatu, Eli ananivuta mkono mpaka kwenye kochi, ananyonya huku ananichokonoa pua. Siku nzima kazini nilikuwa naingoja saa hiyo. Hiyo nilikuwa siachi kwa mtu yeyote.

Sasa nyie mnaotaka kuacha pampu, msiache kwa mpigo. Mimi niliacha kwa mpigo, kesho yake kifua kigumu kama nimeficha nazi mbili, nageuka na mwili mzima mtu akiniita. Mwenzangu wa mapokezi, mama wa watoto wanne, akanionea huruma. Akasema punguza polepole, ukizidiwa kamua kidogo tu ya kupoza maumivu, usimalize. Halafu weka majani ya kabichi ya baridi ndani ya sidiria.

Kabichi inasaidia jamani. Ila mwili una joto lake. Kufika mchana ofisi nzima wananusa nusa, "Nani kaja na kachumbari?" Na mimi nipo nao, nanusa.

Kilichoniumbua zaidi ni siku mgeni mmoja alikuja mapokezi na mtoto mchanga. Kale katoto kakalia mara moja tu. Nilikuwa nimesimama mbele ya boss naeleza hesabu za mafuta ya magari, nikahisi blauzi inaloa. Maziwa hayaulizi mtoto wa nani. Bahati Arusha ni baridi, ukivaa sweta katikati ya sentensi hakuna anayekushangaa.

Basi, polepole yakapungua. Pampu nikaiweka juu ya kabati, nikajiona mshindi.

Nilimsahau mume.

Baba Eli ni mtu mwema, ila simu ikipigwa na mama yake wakati wa mpira, anajibu chochote ili akate. Mama yake yuko kijijini Kikwe, huko Meru. Amefuga ng'ombe maisha yake yote, na anawajua ng'ombe kuliko anavyotujua sisi. Akauliza habari za nyumbani. Baba Eli akasema wazima, Mama Eli ameacha kukamua. Akakata, akarudi kwenye mpira.

Wakuu, mfikirie mtu wa Kikwe anasikia hivyo.

Ng'ombe wa maziwa huachi kumkamua ovyo. Unamkausha akiwa na mimba, anajiandaa kuzaa. Mama mkwe hakuhitaji maelezo zaidi. Mkwe wake ana mimba, na mjukuu wake bado ananyonya. Na wazee wetu wanaamini mama akishika mimba huku ananyonyesha, maziwa yanageuka na mtoto anadhoofika. Dawa yake ni moja, mtoto anaachishwa ziwa siku hiyo hiyo, anapelekwa kwa bibi mpaka asahau.

Jumamosi asubuhi hodi. Mama mkwe huyo, na ndoo ya loshoro, yale makande ya maziwa mgando, chane ya ndizi, na kanga mpya haijafuliwa hata mara moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Huku anajibu, macho yako tumboni kwangu.

Akakaa, akanywa chai, akasema taratibu kabisa, "Mama Eli, sijaja kugombana. Mimba ni baraka. Ila huyu mtoto nipe nikamlee Kikwe. Kule kuna wenzake, kuna maziwa, atasahau. Akisahau nitamrudisha."

Wasiojua, kwetu neno la mama mkwe kwenye jambo la mjukuu si ombi. Na alishaanza kuuliza nguo za baridi za Eli ziko wapi.

"Mama, sina mimba."

"Sasa umekausha kwa nini?"

"Nimeacha ofisini tu, mama. Nyumbani bado ananyonya."

Akanitazama kwa huruma kabisa. "Mwanangu, ng'ombe hakaushwi mchana akakamuliwa jioni."

Nikamgeukia Baba Eli anitetee. Baba Eli akakumbuka pikipiki inahitaji kuangaliwa oili. Akatoka.

Nikakimbia duka la dawa nikanunua kipimo cha mimba, nikarudi, nikapima, nikamwonyesha. Mstari mmoja. Akakishika dirishani, akakigeuza juu chini, akaniuliza hiki kikaratasi kimejuaje kabla ya wazee. Akakiweka kwenye kisosi. Akaanza kuikunjua ile kanga.

Nilikuwa naona jioni ya Jumatatu naingia ndani navua viatu, hakuna mtu wa kunivuta.

Eli akaamka. Akatoka chumbani anayumba na usingizi, akampita bibi yake na kanga yake, akanipandia mapajani na kupandisha blauzi. Hakuna cha shikamoo. Akanyonya. Katikati akakumbuka kuna mgeni, akaachia ghafla kugeuka kumwangalia, na maziwa yakaruka moja kwa moja hadi kwenye mkono wa bibi.

Mama mkwe akayatazama. Akayasugua kwa vidole, akayanusa, akaonja. Nikafa kwa aibu nikafufuka.

"Haya si ya mimba," akasema. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi na ile kanga mpya.

Nikadhani ni machozi ya kicheko.

Akasema, "Hata mimi, Baba Eli alichukuliwa hivi hivi. Nilikuwa na mimba ya mdogo wake. Mama mkwe wangu alikuja asubuhi, akamfunga mgongoni, akaenda. Maziwa yakabaki yananitoka, nayakamulia chini shambani. Alipokuja kurudishwa alikuwa ameshasahau. Akaniita shangazi. Aliniita shangazi mpaka mvua zikaja zikaisha."

Nikainua macho. Baba Eli amesimama mlangoni na tambara la oili mkononi. Hakuwahi kuambiwa. Akaja akapiga magoti mbele ya mama yake, mtu mzima na ndevu zake, akamshika miguu akamwita mama. Akarudia, mama. Na mimi nikalia, na Eli akaona tunalia wote akarudi kunyonya zake.

Jioni mama mkwe aliondoka peke yake, kanga kaiacha. Tangu hapo akipiga simu, swali la kwanza ni, "Amenyonya?"

Nilichojifunza wakuu: pampu inaachwa na mtoto anaendelea kunyonya vizuri tu, maziwa yanajipanga yenyewe kufuata asubuhi na jioni zenu. Punguzeni polepole. Na habari za mwili wako mpelekee mama mkwe mwenyewe, usimwachie mtu anayeangalia mpira. Mimi niliona amekuja kuninyang'anya mtoto, kumbe alikuwa anafanya alichofanyiwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza kilimuumaje.

Uwanja wenu sasa. Mnaoachisha, ulizeni, nitajibu ninachojua. Ila nina swali kwa wenzangu mliopelekwa kwa bibi mkaachishwe ziwa huko: mliporudi, mlimwitaje mama?