Ufunguo Mdomoni mwa Gego

Kaka yangu ni fundi wa majokofu. Ana kitambi, ana mke, ana binti wa darasa la pili, ana mvi zinazochungulia juu ya masikio, na humlilia mamba wa kitambaa.

Sitii chumvi. Analia machozi kabisa, halafu anajifuta kwa tambara lenye grisi na kujiachia mstari mweusi shavuni. Mamba mwenyewe aliitwa Gego. Alikuwa kikaragosi wa kuvaliwa mkononi, katika kipindi cha watoto kilichoonyeshwa kwenye runinga Jumamosi alasiri tulipokuwa wadogo. Mwenzake alikuwa kuku wa njano aliyeitwa Bibi Wasiwasi. Kipindi kilikufa zamani, na kanda zake zote zilirekodiwa mechi za mpira juu yake, hivyo hakuna hata kipande kilichobaki. Kaka anauona huo kuwa msiba wa taifa. Mimi naona angalau mpira ulipata kanda.

Ukimpelekea jokofu lisilogandisha, hutaambiwa kama ni gesi imevuja au ni kompresa imekufa mpaka uhubiriwe kwanza. Karakana yake ni chumba kirefu chenye majokofu yaliyong'olewa milango, yamepangwa ukutani kama wagonjwa waliovuliwa mashati. Yeye hukaa katikati juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Watoto wa siku hizi wanaangalia nini?" humuuliza mteja. "Makelele tu. Sisi tulikuwa na Gego. Gego alikuwa anaongea taratibu, kama mtu mzima."

"Fundi, maziwa yangu yanageuka mgando."

"Nakuja huko, mama. Nakuja."

Ana pia kundi lake la kwenye simu, linaitwa Watoto wa Gego. Humo wamejaa watu wazima wenye vitambi na vyeo, wanaokumbushana kwamba zamani soda ilikuwa tamu zaidi na mvua ilinyesha kwa adabu. Nimewahi kulisoma kundi hilo kwa nusu saa, nikamrudishia Kaka simu yake. Wote hao walilelewa kwa fimbo, walivaa viatu vya kurithi, walilala watatu kitanda kimoja, lakini ukiwasikia utadhani utoto ni hoteli waliyofukuzwa kwa kuonewa. Mara kwa mara mmoja wao huandika kwamba, anavyokumbuka yeye, Gego alikuwa na sauti nyembamba na alipenda kuimba. Kaka humjibu kwamba amesahau. Akibisha, Kaka humtoa kundini. Ndiye msimamizi.

Nasema haya yote kwa sababu najua jambo ambalo kundi hilo halijui. Sisi hatukuwa na runinga.

Runinga ilikuwa ya jirani, mwanamke tuliyempa jina la Mama Mapazia. Dirisha lake la sebuleni lilikuwa la kioo, na alilifunga kila wakati ili vumbi lisiingie kwenye mtambo wake. Sisi tulisimama nje, kwenye kijia kati ya ukuta wake na tangi la maji. Kaka alikuwa ameanza kuota ndevu, mimi sijaanza shule. Alinibeba mabegani. Tukicheka, Mama Mapazia aligeuka, akainuka taratibu, akavuta pazia usoni petu. Kwa hiyo tulijifunza kutocheka.

Kioo kimefungwa, feni inanguruma ndani, tangi linadondosha maji nyuma yetu. Hatukusikia neno hata moja. Tuliona tu mamba anafungua mdomo, na kuku anaingiza kijiti humo ndani na kukizungusha kila upande. Nikamuuliza Kaka wanafanya nini. Akaninong'oneza, bila hata kufikiri, kwamba Gego kameza ufunguo wa nyumba ya Bibi Wasiwasi, na Bibi anautafuta. Na Gego, nikauliza, anasemaje?

"Anasema: tafuta taratibu, Bibi. Usifike kooni, kuna watu wamelala."

Wiki iliyofuata ufunguo ulikuwa bado haujapatikana. Wala iliyofuata. Bibi Wasiwasi akawa halali kwake tena, analala kwenye taya ya Gego, na Gego akawa hawezi kufunga mdomo asije akamuumiza, kwa hiyo hali chakula, na anaomba radhi kwa kila mtu kwa sababu ya harufu. Hayo yote aliyatunga Kaka akiwa amenibeba, shingo imelowa jasho. Mimi niliamini anasikia kupitia kioo kwa kuwa ni mkubwa. Huo ulikuwa ujinga wa mtoto. Ujinga wa Kaka ni kwamba, kadiri miaka ilivyopita, naye aliamini.

Mwaka huu kituo cha runinga kikatangaza kwamba kinamfufua Gego. Mkono wa mzee aliyekuwa akimvaa sasa unatetemeka, wakawa wanatafuta mtu mwingine wa kumtia uhai na sauti. Waliotaka wafike kujaribiwa.

Kaka alifunga karakana. Akamwita mchora vibao, akamchorea kibao cha mamba mlangoni, chini yake maneno: Fundi wa Majokofu na Sauti ya Gego. Mama yetu alikwenda kukitazama kibao akiwa na kikapu chake cha sokoni.

"Mwanangu, si ungengoja upewe kwanza?"

"Mama, nani mwingine anamjua Gego kama mimi?"

"Yule jirani yetu. Alikuwa na runinga."

Kaka akainama ghafla kutafuta bisibisi.

Sijawahi kumwona akitaka kitu namna ile. Alikula nusu sahani. Alijizoeza sauti akiwa ameingiza kichwa kwenye jokofu tupu, kwa sababu lilimpa mwangwi. Siku ya majaribio akanibembeleza nimsindikize.

"Twende, Profesa. Wewe umesoma, wakileta maneno makubwa utanisaidia."

Mimi na maneno makubwa tunaelewana vizuri ilimradi yako kwenye karatasi. Mbele ya watu hata jina langu hunipotea. Nilikwenda nikiwa nimeshaamua kuona aibu kwa niaba yake.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya zamani iliyotundikwa mazulia ukutani ili kumeza sauti. Kulikuwa na meza iliyofunikwa kitambaa hadi sakafuni, kamera moja na mpiga picha wake. Mtayarishaji alikuwa mwanamke aliyechomeka penseli kwenye nywele, halafu akawa anaitafuta mezani. Kwenye kiti cha pembeni aliketi mzee mkavu, miguu pamoja, mfuko wa plastiki mapajani. Ndiye aliyekuwa akimvaa Gego.

"Shikamoo, mzee," Kaka akasema.

"Marahaba." Mzee akamtoa Gego mfukoni.

Alikuwa mdogo kuliko soksi ya askari. Rangi ya kijani imeisha, jicho moja ni kifungo cha shati, ananuka dawa ya nondo. Kaka akampokea kwa mikono miwili kama anayekabidhiwa mtoto mchanga. Nikatazama zulia.

Wakapiga magoti nyuma ya meza, Kaka na Gego, mzee na Bibi Wasiwasi. Mkono wa mzee ulitetemeka, kuku naye akatetemeka, na kwa kweli ilimfaa.

"Sema chochote," mtayarishaji akasema. "Zungumzeni tu."

Kuku akaingiza kijiti chake mdomoni mwa mamba. Gego akapanua taya zaidi. Halafu kwa sauti nzito, ya pole, ya mtu anayewasumbua wenzake kwa kuwepo tu, akasema, "Tafuta taratibu, Bibi. Usifike kooni, kuna watu wamelala."

Mpiga picha akaguna kwa kicheko, akajiziba mdomo.

"Na ukiupata," Gego akaendelea, "usiondoke siku hiyo hiyo. Nimeshazoea uzito wako."

Mtayarishaji aliacha kutafuta penseli. Kaka akaendelea mpaka Bibi alipotundika pazia kati ya meno mawili ili apate faragha, na Gego akaomba pazia lisiwe zito. Nilisahau kuona aibu. Nilikuwa nimesogea mbele kwenye kiti kama nasubiri kujua kama ufunguo utapatikana, mimi mwenye shahada yangu.

Mzee alijiinua kwa kushika ukingo wa meza.

"Gego hakuwa hivyo," akasema bila ubaya. "Gego alikuwa na sauti ya filimbi." Akaimba ubeti mmoja, mwembamba wa kukereketa masikio, kuhusu kusugua juu na chini. "Na hicho si cha kutafutia ufunguo. Ni mswaki. Kipindi chote kilikuwa cha usafi wa meno."

"Mzee, umesahau," Kaka akasema.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa ndani yake."

"Hata aliyekuwa ndani anaweza kusahau."

Mtayarishaji akainua mkono. "Ngojeni. Filimbi ninayo, jana alikuja kijana anaimba kama birika. Nisichokuwa nacho ni hadithi. Nikiwapa watoto mswaki kila wiki, wataniondokea." Akamgeukia Kaka. "Hii ya ufunguo, umetunga wewe?"

Hilo lilikuwa swali jepesi kuliko yote aliyowahi kuulizwa maishani, na jibu lake lilikuwa la kweli, na lilikuwa linampa alichokitaka. Kaka akavimba.

"Kutunga? Mimi? Niliiona kwenye runinga. Nyumbani kwetu. Tulikuwa na runinga kubwa, sebuleni, kila Jumamosi."

Nikasikia mtu anasema, "Hatukuwa na runinga." Ilikuwa sauti yangu. "Tulichungulia dirishani kwa jirani. Kioo kilifungwa, hatukusikia kitu. Maneno yote ni yake."

Kaka hakunitazama. Alimtazama mtayarishaji, akacheka kama watu wazima wanavyocheka mtoto akivunja adabu mbele ya wageni.

"Msamehe, dada. Huyu alikuwa mtoto wa mgongoni. Anajua nini?"

Mtayarishaji alitutazama sote wawili. "Kama hadithi ni zako, Jumatatu njoo tukae tuandike," akamwambia polepole. "Kama uliziona, basi mzee huyu ni mwongo, na mimi namjua si mwongo. Lipi ni kweli?"

"Niliziona," akasema Kaka.

"Asante kwa kuja."

Ilibidi mzee amvue Gego mkononi, kidole kwa kidole.

Njiani Kaka alitangulia, anatembea kama mtu aliyeonewa. Nilipomfikia nikamuuliza kwa nini.

"Ulitaka niseme mbele ya watu kwamba nilikuwa mtoto wa kuchungulia madirisha?" Akatema mate pembeni. "Usomi wako umekufundisha kuaibisha ndugu."

Wengine hunung'unikia utoto walioupoteza. Kaka alipoteza Jumatatu, kwa kuulinda utoto ambao hakuwahi kuwa nao. Laiti angekuwa hana kipaji ningemhurumia. Mtu mwenye kipaji akikikana ili aonekane aliketi kwenye kochi, sina neno zuri la kumpa.

Kibao hakikufutwa. Wateja wakiuliza, huwaambia alikataa mwenyewe, kwamba wamemharibu Gego.

Kipindi kipya kilipoanza nilikuwa nyumbani kwa Kaka, nimemletea dawa Mama, anayeishi naye. Sebuleni pana runinga pana kama mlango. Kaka alikaa kwenye kochi, binti yake pajani. Gego mpya, wa kijani kinachoumiza macho, akafungua mdomo na ile filimbi ikatoka. Kaka akachukua rimoti, akazima sauti.

"Baba, hatusikii!"

"Subiri. Nitakwambia anasemaje."

"Mpumbavu wa mwisho," nilijisemea, na nikaushika mlango niondoke. Nyuma yangu akaanza, kwa ile sauti nzito ya pole: Bibi Wasiwasi amezeeka sasa, ameupata ufunguo, lakini hakumbuki nyumba ilikuwa wapi.

Hilo sikuwahi kulisikia. Lilikuwa zuri, na halitaonyeshwa popote, na nilizidi kumdharau. Nilisimama mlangoni mpaka likaisha.