Miche ya Kaka

Njegere za maua hazimsamehe anayegusa mizizi yake. Kaka yangu alinifundisha hivyo. Mbegu alizipata kwa masista aliokuwa akiwalimia bustani, akaja nazo kijijini kwetu Keza, nyeusi na za mviringo, ndani ya bahasha. Tulikuwa tumehamishiwa kwenye nyumba za mstari za ujamaa, watu wanahangaikia mahindi, na yeye anapanda njegere zisizoliwa, za maua ya kunukia tu.

"Utatupikia harufu?" jirani yetu alimtania.

"Nitakupikia, mama. Wewe lete chumvi tu."

Mwaka wa vita vya Kagera aliitwa pamoja na mgambo wenzake. Wiki ya kuondoka, masika yakikaribia, aliloweka mbegu mpaka zikalainika, akazisia moja moja kwenye vifuko alivyokunja kwa magome ya migomba, kina cha pingili ya kidole.

"Zikifika majani manne, kateni ncha zichipue pembeni. Mizizi ikichungulia chini, ziende ardhini na magome yake. Zikichelewa, kiangazi kitazikuta hazijashika."

"Nani atazihamisha?" nikauliza.

"Mimi. Nitakuwa nimerudi."

Kwetu mche una mwenyewe. Aliyesia ndiye anayehamisha. Mwingine akiihamisha miche yake, basi mwenyewe amekufa na nyumba inamalizia kazi yake. Hilo nililijua kwa miche ya kahawa. Sikudhani maua nayo yamo.

Majani manne yakatoka, mama akakata ncha kwa kucha. Redio ikatangaza ushindi, watu wakacheza mpaka vumbi likatimka. Kaka hakuja. Mizizi ikachungulia, myeupe. Kila asubuhi mama aliinyunyizia miche maji na kuisogeza kivulini, kana kwamba kivuli kingeizuia kukua.

"Bado," alisema. "Mwenyewe yuko njiani."

Siku moja alipokwenda shamba la kijiji, niliona majani ya chini yamegeuka njano. Nikachimba mashimo kumi na mawili kando ya ukuta, nikachomeka matete, nikaihamisha yote. Nilitaka kaka akute maua.

Mama alirudi na jembe begani. Aliiona miche kabla hajaniona mimi. Jembe likaanguka.

"Nani amekuja?"

"Hakuna, mama."

"Nani amekuja hapa akakwambia wewe kabla yangu?"

Alikuwa amekwisha kaa chini, mikono kichwani, na kile kilio cha msibani kikamtoka. Jirani yule wa chumvi akaja mbio, naye analia kabla hajauliza. Nilipiga kelele kwamba ni mimi tu, hakuna aliyekuja, hakuna aliyesema lolote. Ilichukua muda kusikika.

Mama aliponielewa hakunipiga. Alipiga magoti, akaanza kuichimbua miche kwa vidole, akiirudisha kwenye magome yaliyochanika.

"Hujahamisha kitu," alisema. "Umesikia? Hujahamisha kitu."

"Mama, kaka alikataza kugusa mizizi."

Hakuacha. Alichimbua kumi na mmoja. Wa mwisho aliushika tu, nguvu zikamwishia, akauacha ulipo.

Ile kumi na mmoja ilinyauka kabla ya Jumapili. Ule mmoja ulipanda tete lake peke yake, na mama alipita mbele yake kila siku bila kuutazama. Mimi niliumwagilia akiwa shambani, kwa siri, kama mwizi.

Kiangazi kilipoanza ulitoa maua mawili ya zambarau. Harufu yake ilifika hadi mlangoni, na hapo mlangoni ndipo mwenyekiti wa kijiji aliposimama asubuhi moja na mgeni kutoka wilayani, kofia mikononi.

Mama aliwasikiliza hadi mwisho. Safari hii hakulia. Walipoondoka alikwenda ukutani, akachutama, akaugusa ule mche mahali shina linapoingia ardhini. Udongo ulikuwa umelegea. Mikono yangu ya kitoto haikuushindilia vizuri.

"Lete jembe, mwanangu," aliniambia. "Tumalizie kazi yake."