Macho ya Fundi

Fundi cherehani yule ana ulimi unaokata kuliko mkasi wake, waulize wateja. Lakini mjukuu wake wa miaka minne akiingia, analainika kama pamba.

"Mjukuu wangu, macho ya bibi yamechoka. Nitungie uzi."

Mtoto huhangaika na sindano mara saba, mara nane, na bibi husubiri bila kumharakisha. Uzi ukipita, mtoto hutembea kifua mbele siku nzima.

Jana mama wa mtoto aliingia, akamkuta fundi peke yake akitunga uzi kwa mkupuo mmoja, bila miwani.

"Mama! Kumbe unaona?"

"Fyata ulimi, mtoto asisikie!"

Binti wa fundi akacheka, kisha ghafla akakumbuka. Utotoni, mtunga uzi alikuwa yeye, na mama yake wakati huo hakuwa na mvi hata moja.