Nahodha Hakuwa Anamtafuta Mkewe

Juzi niliingia kwenye banda la gemu hapa Kilwa Masoko kuchaji simu. Mwanamume wa makamo alikuwa ameshika padi, akicheza gemu la ujanani mwake, la nahodha anayezunguka visiwani. Limetengenezwa upya, na siku hizi linatoka sehemu kwa sehemu kama tamthilia. Picha zinang'aa, na maneno yanaandikwa chini kwa Kiswahili.

Sehemu ya kwanza ilipoisha, aliiweka padi mezani taratibu.

"Vipi kaka, wamepatia?" mwenye banda akamuuliza.

"Nahodha anatafuta dhahabu."

"Si ndiyo gemu lenyewe? Tangu zamani ni dhahabu."

"Sisi Kiingereza hatukukijua. Marehemu kaka yangu ndiye alikuwa anatutafsiria. Alituambia nahodha anamtafuta mkewe aliyechukuliwa na maji. Tulikuwa tunalia humu ndani."

Mwenye banda akajikuna shingo. "Sehemu ya pili ikitoka nikuwekee?"

Yule bwana akatikisa kichwa, akavaa kandambili zake mlangoni, akaondoka.

Watengenezaji wanajisifu kwamba hadithi hawakuigusa. Nawaamini. Hadithi aliyoipenda yule bwana hawakuitunga wao, na aliyeitunga ameshazikwa.